Saa Tano Asubuhi, Stratford

Nje ya kituo cha treni cha Stratford, mashariki ya London, kuna kichwa cha treni ya mvuke ambacho hakijavuta behewa miaka mingi. Kimewekwa uwanjani kama pambo. Watoto wanakiparamia, wageni wanapiga nacho picha. Mpwa wangu aliponiambia kwenye simu, "Mjomba, tukutane kwa Robert," nilidhani Robert ni rafiki yake. Kumbe ndicho hicho kichwa cha treni. Kina jina lake.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, nilikuwa nimesimama kwa Robert, mikono mfukoni. Mpwa wangu ni muuguzi na alikuwa zamu ya usiku, zamu iliyotakiwa kwisha saa mbili. Zamu za usiku za huko, kama za kwetu, huisha zinapotaka zenyewe. Mimi nimezaliwa Matombo, milimani Uluguru, na siku zote nimejigamba kwamba baridi naijua. Ile ya Stratford ina unyevu unaotafuta mfupa mmoja mmoja.

Hatua kama kumi kutoka nilipokuwa alisimama mzee wa Kiingereza, bereti kichwani, medali nne kifuani, na kisanduku cha maua mekundu ya karatasi kikining'inia shingoni. Ni maua ya popi. Yaliota yenyewe kwenye mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa yaliyotifuliwa na mizinga katika vita vya 1914 hadi 1918, na tangu mwaka 1921 shirika la askari wastaafu, Royal British Legion, huyatumia kuchangisha fedha za kuwasaidia askari wa zamani na familia zao. Hayana bei. Unatia ulichonacho, unabandika ua kwenye koti, basi umeshiriki.

Nilitia pauni mbili. Mzee akanitazama.

"Umetoka mbali?"

"Tanzania. Babu yangu alipigana Burma."

Akanyamaza kidogo. "Upande gani?"

"Wenu."

Akacheka, kisha akaona haya kwamba amecheka. Akaniambia kuwa yeye alipigana Falklands mwaka 1982, na kwamba baba yake mdogo alikuwa Burma, lakini nyumbani kwao hakuna siku aliyosikia kwamba kule kulikuwa na Waafrika. Alitaka kunibandikia ua kwa mkono wake mwenyewe. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, pini ikamshinda mara mbili.

Ilipotimu saa tano kamili, sauti ikatoka kwenye vipaza sauti ikiomba kimya cha dakika mbili. Nilitegemea kishindo fulani, mzinga au walau tarumbeta. Hapakuwa na kitu. Watu walisimama tu pale walipokuwa: dada mwenye hijabu na mkoba wa kompyuta, mafundi ujenzi na kofia zao za plastiki, mama mmoja niliyekuwa nimemsikia akizungumza Kilingala, mkononi mfuko wa ndizi mbichi. Kijana mwenye muziki masikioni alipita katikati yetu, akahisi kitu hakiko sawa, akageuka, akasimama vile vile, mguu mmoja mbele. Treni ikapiga breki juu huko. Mtoto akalia, akabembelezwa. Kisha sauti ikashukuru, na Stratford ikaendelea na haraka zake.

Desturi hii ilianza tarehe 11 Novemba 1919 kwa ombi la Mfalme George wa Tano, mwaka mmoja kamili tangu bunduki ziliponyamaza Ulaya.

Nasema Ulaya kwa makusudi. Waingereza hupenda kusimulia kwamba vita vile vilikoma saa ya kumi na moja, siku ya kumi na moja, mwezi wa kumi na moja. Kwa Kiswahili mwimbo huo wa namba unavunjika: ni saa tano tu, saa ya chai ya ofisini. Saa kumi na moja yetu ni jioni, mbuzi wanarudi zizini. Mstari wa Greenwich, ule unaozigawia nchi zote saa zao, unapita hapo hapo Stratford, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Kwa hiyo dakika zile mbili kwetu ziliangukia saa nane mchana, watu wakiwa wanakula.

Hata tarehe hailingani. Tarehe 11 Novemba 1918 Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, akiutafuta mji wa Kasama. Aliuingia tarehe 13. Habari kwamba Ujerumani imeweka silaha chini zilimfikia huko kwenye mto Chambeshi, na alikabidhi jeshi lake rasmi Abercorn, mji unaoitwa Mbala sasa, tarehe 25 Novemba. Alikuwa na Wazungu 155, askari Waafrika 1,168, na wapagazi wengi kuliko askari. Yaani ile saa ambayo London yote husimama kuikumbuka, wapagazi wetu, wa upande huu na wa upande ule, mizigo ilikuwa bado kichwani. Niliwaza hivyo pale kwa Robert, ua kifuani, na sikujua kama nilikuwa nimekuja mapema kwa wiki mbili au nimechelewa kwa miaka mia moja na saba.

Mpwa wangu alitokea saa tano u nusu, macho mekundu kushinda ua langu. "Shikamoo mjomba," akasema, kisha akalitazama koti. "Na wewe wameshakuvisha?"

Yeye havai. "Vita vyao, mjomba. Walikuja kuwachukua wazee wetu kama kuku wa mnadani. Mimi nawageuza wazee wao kitandani usiku kucha, hilo ndilo ua langu."

Sikubishana. Mtu aliyetoka zamu ya saa kumi na mbili habishaniwi barabarani.

Tulitembea kuelekea nyumbani kwake. Stratford ina nyuso mbili zinazotazamana kwenye kituo. Upande mmoja ni Westfield, jumba la maduka lililofunguliwa mwaka 2011, vioo na marumaru, na nyuma yake bustani ya Olimpiki ya 2012 na uwanja ambao sasa timu ya West Ham inauchezea. Upande wa pili ni Stratford ya zamani, yenye soko la ndani ambako nyanya na pilipili hupangwa kwenye mabakuli, na wauzaji wanaita kwa sauti zinazonikumbusha Kariakoo. Ng'ambo ya barabara, katikati ya njia za mabasi, kuna kanisa la Mtakatifu Yohana, na uani mwake mnara wa mawe uliochongoka. Nilidhani ni wa vita. Mpwa wangu, aliyeupita mara elfu bila kuusoma, alisimama kwa subira huku mimi nikiuzunguka. Ni wa mwaka 1879, nao unawakumbuka Waprotestanti 13, wanaume 11 na wanawake 2, waliochomwa moto Stratford tarehe 27 Juni 1556 kwa sababu ya imani yao. Wengi wao walikuwa watu wa kazi za mikono. Karibu miaka mia tano imepita, na ukitaka majina yao utayapata.

Jambo hilo lilinikaa moyoni siku nzima, na jioni likapata mwenzake. Mtoto wa mpwa wangu, mwenye miaka tisa, alirudi na kazi ya shule: kila mmoja akate ua jekundu la karatasi na aandike ndani yake jina la mtu wa ukoo wao aliyekuwa vitani. Mwenzake wa Kibangladeshi alikuwa na jina, wa Kijamaika alikuwa na jina. "Babu," akaniuliza kwa Kiswahili chake kinachochechemea, "sisi tulikuwa na mtu?"

Tulikuwa nao wawili. Nikamwambia habari za yule wa karibu kwanza, babu yangu mzaa baba, ambaye mtoto huyu ni kilembwe wake.

Babu alikuwa Keya, ndivyo wazee walivyoiita King's African Rifles. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini katika vita vya pili, wengine kwa hiari, wengine kwa hiari ya jumbe. Yeye aliwekwa katika kikosi cha 36, cha Tanganyika, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru. Walipanda meli Kilindini katikati ya mwaka 1943 kwenda Ceylon, wakafanya mazoezi ya msituni, na mwaka uliofuata wakapelekwa Burma. Kazi waliyopewa ilikuwa kumfukuza Mjapani katika bonde la Kabaw, kutoka Tamu kushuka hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, na kazi hiyo ilifanywa masika, wakati ambao majeshi mengine yalikuwa yamezoea kukaa kambini kungoja mvua ikatike. Bonde lile lilijulikana kwa malaria. Barabara ziligeuka tope, magari yakazama, chakula kikawa kinaangushwa kwa ndege.

Babu hakuwahi kunisimulia pigano hata moja. Alisimulia ruba wanaoingia kwenye viatu kupitia matundu ya kamba. Alisimulia magunia yanayoshuka na miavuli kutoka mawinguni, na namna wenzake walivyogombea kitambaa cha miavuli kuliko mchele uliomo. "Mjapani humwoni," alikuwa akisema, "unamsikia akikohoa." Na alisimulia daraja. Desemba 1944 divisheni ilivuka Chindwin, na pale Kalewa wahandisi wakatandika daraja la vyuma lenye urefu wa mita zipatazo 350, ambalo wakati huo lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani. Babu, aliyezeeka akivuka mto Ruvu kwa gogo, alilitaja daraja hilo kwa majivuno ya mtu aliyelijenga peke yake.

Alirudi mwaka 1946 na blanketi, kikombe cha bati na nyota ya shaba yenye pembe sita iitwayo Burma Star, aliyoihifadhi kwenye kopo la tumbaku. Kiinua mgongo alikipata, akanunua mbuzi na cherehani ya bibi. Alidhani amelipwa vizuri. Nyaraka za serikali ya Uingereza zilizotolewa hadharani na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari wa Kizungu aliyetumikia majeshi hayo hayo ya makoloni alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo chake. Babu alikwishafariki miaka thelathini kabla. Nashukuru kwa hilo, kwa sababu alikuwa mtu wa hesabu na angezifanya.

Kuna meli moja babu alikuwa akiitaja kwa sauti ya chini. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni hadithi za wazee, lakini imeandikwa. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500, na kundi kubwa kupita yote lilikuwa la wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, rejimenti ya 301. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa torpido mbili. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiisindikiza zikaanza kuisaka nyambizi iliyojificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na mabomu ya kilindini yakatupwa majini huku watu hao wakiogelea. Walikufa 1,297. Meli ilikuwa imezama kwa muda wa dakika mbili hivi.

Dakika mbili. Nilizikumbuka zile za asubuhi, yule kijana na mguu wake mmoja mbele.

Kesho yake nilipanda treni peke yangu kwenda kituo cha Liverpool Street, vituo viwili tu kutoka Stratford kwa njia ya Elizabeth. Nilikuwa nimeambiwa kwamba wafu wa Stratford wako huko. Kabla ya Westfield, sehemu ile ilikuwa karakana ya reli ya Great Eastern, mahali ambapo Desemba 1891 mafundi waliunda kichwa kizima cha treni kwa saa 9 na dakika 47, wakaweka rekodi ya dunia. Vita vilipokuja, wengi wa wafanyakazi wa reli ile walikwenda na hawakurudi. Kampuni ikawawekea ubao mkubwa wa marumaru pale stesheni, majina zaidi ya elfu moja, safu kwa safu. Ulizinduliwa tarehe 22 Juni 1922 na mkuu wa jeshi mstaafu, Sir Henry Wilson, ambaye aliporudi nyumbani kwake siku hiyo hiyo alipigwa risasi mlangoni na wapiganaji wawili wa Ireland. Naye amewekewa kumbukumbu pale pale, jirani na wale aliokuja kuwaheshimu.

Nilisimama mbele ya ubao ule muda mrefu, watu wakinikwepa na masanduku yao. Sikuguswa na ushujaa. Niliguswa na utaratibu wa karani. Mtu aliyekuwa akifagia mabehewa Stratford, mtu aliyekuwa akibeba mizigo ya abiria, jina lake lipo na herufi zake za mwanzo zipo. Kampuni ya reli, si serikali wala kanisa, ilikaa chini ikahesabu watu wake mmoja mmoja kutoka kwenye daftari la mishahara.

Ndipo nikamfikiria yule wetu wa pili, baba yake babu, aliyekuwa mbeba mizigo pia.

Waingereza waliingia Morogoro mwishoni mwa Agosti 1916. Wajerumani walirudi nyuma kwa kuizunguka milima ya Uluguru kuelekea Kisaki na Rufiji, na njiani walichukua wanaume wa kubeba. Walimchukua baba yake babu kutoka Matombo, babu akiwa bado tumboni. Mwenzake aliyerudi baadaye alisema mara ya mwisho alimwona ng'ambo, upande wa Waingereza, kibati chenye namba shingoni. Alikuwa ametekwa, akatuliwa mzigo wa Mjerumani akatwishwa wa Mwingereza. Hakuonekana tena. Kwa hiyo kwa swali la upande gani, jibu langu la kweli kwa mzee wa maua lingekuwa refu kidogo.

Katika nchi hiyo hiyo ya Kisaki, tarehe 4 Januari 1917, aliuawa Frederick Selous, mwindaji maarufu wa Kiingereza aliyejiunga na jeshi akiwa mtu mzima wa miaka sitini na ushee. Alizikwa Beho Beho. Kaburi lake lipo, jiwe lake lipo, mbuga nzima ikapewa jina lake mpaka sehemu yake kubwa ilipogeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na hapo London ana sanamu yake katika jumba la makumbusho ya viumbe. Simchukii Selous. Nasema tu kwamba mtu mmoja aliyefia bonde lile tunajua hata alipigwa risasi wapi, na wapagazi, kwa hesabu za Waingereza wenyewe kwa upande wao peke yake, walikufa karibu laki moja, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kilichobaki kwao ni jina la soko. Kariakoo ya Dar es Salaam ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliopiga kambi pale; Nairobi wana Kariokor yao. Ni jina la kikosi. La mtu halimo.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Tume ya makaburi ya vita ya Waingereza, iliyoundwa mwaka 1917, ilitangaza kwamba kila aliyekufa atakumbukwa sawa, bila kujali cheo wala rangi. Mwaka 1922 ofisa wake mmoja aliandika kwamba Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, aliona ni afadhali makaburi ya wapagazi yaachwe yarudiwe na pori upesi. Yakaachwa. Ilichukua hadi Aprili 2021 tume hiyo kutoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wa ulinzi akaomba radhi bungeni. Baadaye, katika kumbukumbu za jeshi la Kenya, yakapatikana majina zaidi ya 3,000 ya watu hao. Majina yalikuwepo, kwenye makaratasi, muda wote huo.

Badala ya majina tulipewa shaba. Ile Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, inayoelekeza singe yake bandarini tangu 1927, ilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, ikasubiwa Westminster, ikaonyeshwa kwanza kwa wapenzi wa sanaa wa London kabla ya kupakiwa melini. Mwaka uliofuata Nairobi ikapata ya kwake, yenye watu watatu, mmoja wao mpagazi. Maandishi ya Nairobi yapo kwa Kiswahili pia, na yanamwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Nimeisoma mara nyingi ahadi hiyo, nikaizunguka ile sanamu pande zote. Haina hata jina moja.

Kwa askari wa Burma mambo ni nafuu. Waliokufa kule wako kwenye makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon, ambako ukumbusho una majina karibu 27,000 ya wasio na makaburi, Waafrika kwa Wahindi kwa Waingereza pamoja. Wale wa Khedive Ismail wako Nairobi, kwenye makaburi ya Ngong Road. Waliorudi ndio waliosahauliwa. Novemba 2023 Mfalme Charles alipokwenda Kenya aliwakabidhi wazee wachache wa Keya medali mpya badala ya zile walizopoteza, nyingine zikiwa zilitupwa wakati wa Mau Mau kwa kuogopa kuonekana watu wa mkoloni. Mmoja wao alihesabiwa kuwa na miaka 117. Watoto wake wa kwanza, kama wapo, ni wazee wa vigoda.

Nasi? Tarehe 25 Julai kila mwaka tuna Siku ya Mashujaa. Rais anaweka ngao na mkuki, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua. Ni sherehe nzuri, na kwa ladha yangu mkuki unasema zaidi kuliko ua la karatasi. Lakini tunakumbuka mashujaa kwa jumla, kama tunavyotoa salamu kwenye mkutano: itifaki imezingatiwa. Kama ningeulizwa, ningeomba na tarehe 25 Novemba, siku wapagazi wa mwisho waliporuhusiwa kutua mizigo. Isiwe na gwaride. Asimame mtu pale Mnazi Mmoja, umbali wa kutupa jiwe kutoka Kariakoo, asome majina yaliyopatikana mpaka mwaka huo. Mwaka wa kwanza atamaliza haraka.

Usiku ule, niliporudi kutoka Liverpool Street, mtoto alikuwa bado ananingoja na mkasi. Ua la babu wa Burma lilikuwa tayari, jina limeandikwa kwa kalamu nyeusi, pembeni kachora kifaru mwenye miguu mitano. Ua la pili lilikuwa tupu. Jina la mpagazi sikulijua, na sijui nilifikaje miaka sitini bila kuliuliza. Tukampigia simu shangazi yangu Matombo, binti wa mwisho wa babu, kule ikiwa karibu saa tano usiku. Alipokea kwa kudhani kuna msiba. Nilipomweleza kwamba kitukuu wake wa Ulaya anataka jina la babu yao aliyepotea na Wajerumani, alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akalitaja, na jina la baba yake, na la ukoo wa mama yake. Alilitaja mara mbili ili mtoto asikosee herufi. Mpwa wangu, yule asiyevaa ua, ndiye aliyeshika simu karibu na sikio la mwanawe.

Shangazi alinipa sharti moja: nisilichapishe gazetini mpaka wamtambikie, maana hajawahi kuliliwa. Kwa hiyo hapa silitaji. Liko ukutani katika darasa moja Stratford, kati ya jina la Kibangladeshi na la Kijamaika.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kopo lenye nyota ya shaba, au hadithi ya mzee aliyekwenda na mzigo asirudi, mpigie simu shangazi yako leo. Uwe na kalamu mkononi.